Namna ya Kumfundisha Muuguzi Mwanafunzi: Mwongozo Kamili, Kutoka Falsafa ya Chuo hadi Kitandani kwa Mgonjwa

Vyuo vingi vya uuguzi vina falsafa iliyochapwa vizuri kwenye kurasa za mwanzo za mtaala: mwanafunzi ndiye kitovu cha ujifunzaji, mkufunzi ni mwezeshaji, umahiri kwanza. Sasa nenda darasani. Slaidi ni nyingi, mkufunzi anazisoma moja baada ya nyingine, wanafunzi wananakili vichwa chini, na muda ukiisha kila mtu anaondoka akiamini kwamba mada imefundishwa. Falsafa inayofanya kazi pale ni ile ya slaidi. Iliyochapwa ni pambo.

Mwongozo huu ni wa mkufunzi wa chuo, na pia wa muuguzi wa wodini anayeletewa wanafunzi asubuhi bila kuulizwa kama ana nafasi nao. Nitaufuata kwa stadi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kumsaidia mtoto mchanga aliyezaliwa bila kupumua. Ukiweza kuipanga hiyo, kufunga kidonda, kuweka katheta ya mkojo au kujaza patografu (chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu wa uzazi) utavipanga kwa njia ileile.

Nimechagua stadi hii kwa sababu ushahidi wake umetoka hapa kwetu. Mwaka 2010 shirika la madaktari wa watoto la Marekani na washirika wake walizindua mafunzo yaitwayo Helping Babies Breathe, yaliyolengwa kwa sehemu zenye vifaa vichache, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuyatumia. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watumishi walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi kadhaa baadaye walipopimwa kwa mdoli wa mafunzo walifanya vizuri kuliko zamani, lakini wachunguzi walipoangalia kazi halisi ya leba waliona huduma kwa watoto haikubadilika. Ndipo hospitali ikaanza utaratibu mwingine: mazoezi mafupi ya dakika chache, ya mara kwa mara, palepale leba. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka karibu 11 hadi karibu 7 kwa kila watoto 1,000. Kifaa hakikubadilika, wala maudhui. Kilichobadilika ni namna ya kufundisha. Hilo ndilo linaloushikilia mwongozo wote huu.

Hatua ya 1: Andika unachoamini, kisha kilinganishe na ratiba yako

Usianze na mada. Chukua karatasi, andika sentensi tatu au nne: mtu hujifunzaje uuguzi? Kazi yangu mkufunzi ni ipi? Mgonjwa ana nafasi gani katika mafunzo haya? Ukikwama, pitia mikondo mikubwa iliyokutangulia.

Florence Nightingale alifungua shule yake mwaka 1860 katika Hospitali ya St Thomas', London. Aliamini kwamba uuguzi hufundishika, na kwamba moyo wake ni kuangalia: hewa, usafi, chakula, utulivu wa mgonjwa, na kuandika ulichokiona. Wanafunzi walijifunza wodini kwa nidhamu kali. Urithi huo tunao mpaka leo, mzuri na mbaya pamoja. Mzuri ni ule uangalizi. Mbaya ni desturi iliyoota kwenye hospitali nyingi ya kumhesabu mwanafunzi kama mikono ya kuziba pengo la watumishi: tandika vitanda, peleka sampuli maabara, kaa pale.

Upande wa wanasaikolojia wa tabia, akina B. F. Skinner, kujifunza ni kurudia na kusahihishwa palepale. Upande wa akina Jean Piaget na Lev Vygotsky, mtu hujenga maarifa mwenyewe juu ya yale aliyonayo, akisaidiwa na aliyemtangulia hatua kidogo. Malcolm Knowles, mtaalamu wa elimu ya watu wazima, akasisitiza kwamba mtu mzima hujifunza kwa sababu ana tatizo la kutatua, na kwamba uzoefu wake ni mtaji. Paulo Freire wa Brazil aliikataa elimu ya benki, yaani ile ambayo mwalimu anaweka akiba kichwani mwa mwanafunzi kisha anakuja kuitoa siku ya mtihani. Na Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia shule inayothamini kitabu na mtihani huku ikimtenga kijana na kazi na jamii anayotakiwa kuitumikia. Soma hilo ukiwa na wodi akilini, utaona linatuhusu moja kwa moja.

Msimamo wangu ni kwamba hakuna mkondo mmoja unaotosha. Stadi ya mikono inataka kurudia kwa mtindo wa Skinner, hata kama wasomi wa siku hizi wanamwonea haya. Uamuzi wa kitabibu unataka maswali na majadiliano. Na namna ya kumheshimu mgonjwa, mwanafunzi ataiiga kutoka kwako, upende usipende.

Ukishaandika, chukua ratiba ya wiki iliyopita. Kwa kila saa weka alama: wanafunzi walikuwa wanasikiliza, wanatenda, au wanaeleza? Kama uliandika unaamini katika kutenda na ratiba imejaa kusikiliza, umeshajua pa kuanzia.

Hatua ya 2: Geuza mada iwe kitendo kinachoonekana

Tanzania, mitaala ya astashahada na stashahada ya uuguzi na ukunga hupita NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, na imejengwa juu ya umahiri, kwa hiyo kwa maandishi jambo hili lipo. Tatizo huanzia kwenye andalio la somo. "Mwanafunzi aelewe uhuishaji wa mtoto mchanga" si lengo, kwani hakuna mtu anayeweza kuona kuelewa kwa macho. Andika hivi:

"Mtoto akizaliwa hapumui, ndani ya dakika moja mwanafunzi atamkausha, atamfunika kwa kitambaa kikavu, atamsugua mgongo, atatathmini upumuaji, na kama bado, ataanza kumpulizia hewa kwa ambu (begi la kubonyeza) na barakoa mpaka kifua kinyanyuke, huku akimweleza mama kinachoendelea."

Sentensi hiyo moja ina kichwa, mikono na moyo, mgawanyo ambao Benjamin Bloom na wenzake walitupatia. Sehemu ya mama ndiyo huachwa mara nyingi. Usiiache. Mama aliyelala pale, hajasikia mtoto analia, naye ni mgonjwa wako.

Kisha jiulize lengo lako linaishia wapi. George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, mwaka 1990 alichora piramidi ya ngazi nne: anajua, anajua namna, anaonyesha namna, anafanya. Mtihani wa maandishi hupima ngazi mbili za chini. Chumba cha stadi hupima ya tatu. Ya nne iko wodini tu, na ndiyo iliyoshindikana kule Haydom baada ya mafunzo ya siku moja.

Hatua ya 3: Jua nani anakuja kwako

Patricia Benner, muuguzi wa Marekani, mwaka 1984 alieleza safari ya muuguzi katika hatua tano, kutoka mgeni kabisa hadi bingwa. Mgeni anahitaji kanuni: pumzi ngapi kwa dakika, kichwa kiwekwe vipi, uanze na nini. Ukimwambia "utaona tu hali ya mtoto," hujamwambia kitu, kwa sababu hajawahi kuona watoto wa kutosha kulinganisha. Bingwa naye huona kwa mara moja, lakini akiulizwa ameonaje, hushindwa kueleza.

Ndiyo maana mkunga hodari kuliko wote leba si lazima awe mwalimu bora. Mikono yake inakwenda haraka, hatua tatu zinaunganika kuwa moja. Mwombe apunguze mwendo na aseme kwa sauti anachokiangalia. Wengi wanakubali wakiombwa kwa heshima, na wengi hugundua kwamba hawajawahi kukisema.

Katika mwaka wa kwanza, uliza pia nani amewahi kufanya kazi zahanati, nani ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nani amelea wadogo zake. Usiwape wote mwanzo mmoja.

Hatua ya 4: Darasani, toa kisa kabla ya nadharia

Mhadhara una kazi yake. Dakika 20 za mhadhara mzuri zinatosha kueleza kwamba kabla ya kuzaliwa mapafu ya mtoto yamejaa majimaji, kwamba pumzi za kwanza huyasukuma yaondoke, na kwamba moyo wa mtoto asiyepumua hupungua mwendo kwa kukosa oksijeni. Hivyo kinachomfufua ni hewa, kabla ya dawa yoyote. Zaidi ya hapo unajisikiliza mwenyewe.

Anza na kisa. Mbinu ya kujifunza kupitia tatizo ilipata umaarufu Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini huhitaji mtaala mzima wa namna hiyo ili kuitumia. Gawa darasa makundi ya watu sita hadi wanane, wape karatasi hii:

"Ni saa tisa usiku, kituo cha afya. Mama wa uzazi wa pili amejifungua. Mtoto ametoka amelegea, hajalia. Umemkausha na kumsugua mgongo, bado kimya. Ambu iko kabatini, kabati limefungwa, ufunguo anao mwenzako aliyekwenda wodi ya wazazi."

Kisha maswali matatu, moja baada ya jingine, bila kuyatoa yote kwa pamoja. Nini kinaendelea mwilini mwa mtoto sasa hivi? Utafanya nini katika sekunde 30 zijazo? Nini kilipaswa kufanyika kabla mama hajapanda kitandani?

Swali la tatu ndilo lenye somo. Kundi litaanza kumlaumu mwenye ufunguo, kisha mmoja atasema ambu ilipaswa kuwa juu ya meza, imeshajaribiwa, barakoa ya saizi sahihi imeshaunganishwa. Usiwahi kulisema wewe. Subiri. Ukimya wa nusu dakika darasani unamchosha mkufunzi kuliko mwanafunzi, lakini uvumilie.

Kama makundi ni mengi na uko peke yako, tembea. Usikae kundi moja zaidi ya dakika tatu, na ukifika usijibu swali, uliza "kwa nini?" uondoke.

Hatua ya 5: Chumba cha stadi, mahali pa kukosea

Hapa ndipo pa kuwekeza muda wako.

Kwanza vifaa. Mdoli wa NeoNatalie unaotumika kwenye mafunzo haya hujazwa maji ili uwe na uzito na ulegevu wa mtoto wa kweli. Una mipira ya kubonyeza: mkufunzi anaweza kuufanya upumue, au kufanya kitovu kidunde. Mwanafunzi akipuliza hewa vizuri, kifua kinanyanyuka. Barakoa ikivuja, hakinyanyuki. Mdoli wa kitambaa unafaa kwa kukausha, kufunika na kuweka kichwa sawa, lakini haufai kwa kupuliza, kwa kuwa haumwambii mwanafunzi kama amefaulu. Chuo chenye bajeti ndogo bora kiwe na midoli miwili ya namna hii inayotumika kila siku kuliko mwanasesere mmoja wa kielektroniki wa bei mbaya aliyefungiwa stoo asije akaharibika. Chumba cha stadi chenye kufuli ni makumbusho.

Pili, namna ya kuonyesha. Rodney Peyton, daktari mpasuaji, aliweka utaratibu wa hatua nne ambao sijaona unaoupita kwa stadi za mikono:

1. Fanya stadi yote kwa mwendo wake halisi, kimya. Wanafunzi waone kazi kamili inavyofanana.
2. Rudia polepole ukieleza kila kitendo na sababu yake.
3. Rudia tena, safari hii mwanafunzi ndiye anakuelekeza. Wewe ni mikono tu. Akisahau kukuambia unyanyue kidevu, usinyanyue.
4. Mwanafunzi afanye mwenyewe huku akieleza.

Hatua ya tatu ndiyo wakufunzi huiruka kwa kuona inapoteza muda. Hiyohiyo ndiyo inayokuonyesha nani amenakili mikono yako bila kujua kwa nini.

Tatu, jambo la kuangalia kwa karibu: barakoa. Wanafunzi wengi hubonyeza begi kwa juhudi zote huku hewa ikitokea pembeni ya pua. Simama upande wa miguu ya mdoli, usisimame kichwani, ili uone kifua. Barakoa ikae juu ya kidevu, mdomo na pua, isiguse macho. Kidole gumba na cha shahada viishike juu kama herufi C, vidole vingine vinyanyue taya kuelekea barakoa. Kichwa kiwe kimeinuka kidogo tu. Kikikunjwa sana nyuma, njia ya hewa inaziba sawa na kikiinamia kifuani. Pumzi ni kama 40 kwa dakika. Kifua kisiponyanyuka, afuate mpango: aweke upya barakoa, aweke upya kichwa, aangalie kama mdomoni kuna ute, aufungue mdomo kidogo, abonyeze kwa nguvu zaidi. Mfundishe kuusema mpango huo kwa sauti anapoufuata. Usiku wa manane mikono ikitetemeka, sauti yake mwenyewe itamwongoza.

Nne, idadi. Wanafunzi 40 na midoli miwili si kikwazo ukigawa kazi. Kila kundi dogo liwe na mtendaji, msaidizi, mwenye kushika saa, mwenye orodha hakiki (karatasi ya kuweka alama kila hatua inapofanyika), na mmoja awe mama. Ndiyo, mama. Akae kitandani aulize "mtoto wangu mbona halii?" kila baada ya sekunde kumi. Utashangaa jinsi stadi iliyokuwa safi inavyovurugika sauti hiyo ikiingia, na kuvurugika huko ni bora kutokee hapa. Baada ya kila zamu, wabadilishane. Anayeshika orodha hakiki hujifunza karibu sawa na mtendaji.

Tano, weka kanuni wazi mlangoni: humu ndani tunaruhusiwa kukosea, na kosa la humu halitoki humu. Mkufunzi anayecheka kosa la mwanafunzi mbele ya wenzake ameshalifunga somo lake.

Hatua ya 6: Wodini

Wanafunzi wengi hupelekwa wodini kwa barua na kitabu cha kumbukumbu za mazoezi, basi. Sista kiongozi anawagawa: wewe sindano, wewe vitanda, wewe nenda famasi. Wiki nne zinaisha, kitabu kimejaa saini, na stadi iliyopangwa haijaguswa.

Zuia hilo mapema. Siku kadhaa kabla ya wanafunzi kwenda, nenda mwenyewe ukamwone sista kiongozi. Usipeleke barua tu. Mweleze wanafunzi wako mwaka wa ngapi, wameshafanya nini kwenye chumba cha stadi, na malengo mawili au matatu ya wiki hiyo. Wauguzi wa wodini hulalamika, kwa haki, kwamba chuo huleta watoto na kutoweka. Ukionekana, na ukamwomba akuonyeshe anavyofanya kwa sababu mazingira yake ni tofauti na chumba chako cha stadi, unapata mwalimu mwenza.

Mwombe akuteulie muuguzi mmoja wa zamu awe mlezi wa wanafunzi wawili au watatu, wamfuate yeye hata kwenye zamu ya usiku. Mwanafunzi anayekutana na msimamizi mpya kila asubuhi huanza upya kila asubuhi.

Siku yenyewe ina vipande vitatu.

Kabla ya zamu, kikao cha dakika kumi mmesimama: leo nani anamhudumia nani, unatarajia kuona nini, una wasiwasi na nini. Mwanafunzi asiyeweza kueleza mgonjwa wake ana nini na leo atamfanyia nini na kwa sababu gani, aanze kwa kusoma faili.

Wakati wa zamu, mgonjwa ana haki ya kujua nani anamgusa. Fundisha maneno yenyewe, usiseme "jitambulishe" ukaishia hapo:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naitwa Neema, mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Niko na sista hapa, yeye ndiye anayenisimamia. Naomba nikupime presha na nisikilize mapigo ya mtoto. Kama hupendi, sista atakupima mwenyewe, na huduma yako itabaki vilevile."

Hata mama akiwa na miaka 19 na mwanafunzi ana 23, leba yeye ni mama. Na akisema hapana, mkufunzi amshukuru mbele ya mwanafunzi. Somo la ridhaa utakalofundisha hapo halina slaidi.

Kuhusu mtoto asiyepumua, usimwachie mwanafunzi wa mwaka wa pili ambu kwa mara ya kwanza huku mtoto anabadilika rangi. Mpandishe kwa ngazi: kwanza aandae meza na ajaribu ambu kabla ya kila uzazi, kisha awe wa kumkausha na kumsugua mtoto, kisha awe msaidizi anayehesabu pumzi, na mwisho apulize yeye mlezi akiwa begani kwake. Kuandaa meza ni kazi ya kweli. Iandikwe na kusainiwa kama kazi nyingine.

Baada ya zamu, kaeni tena dakika 15. Hapa panahamia kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Mrejesho na tafakuri

"Chuoni huko mnafundishwa nini?" Kila muuguzi wa nchi hii amewahi kuambiwa hivyo mbele ya mgonjwa, na wengi tumekuja kulirudia sisi wenyewe. Halimfundishi mtu chochote. Linamfundisha kuficha, na muuguzi aliyezoea kuficha makosa madogo ndiye anayekuja kuficha dawa aliyokosea.

Mrejesho unaofanya kazi ni mfupi na hufuata mpango huu. Mwulize kwanza yeye ameonaje. Kisha mwambie ulichokiona, si unavyomfikiria: "Barakoa ilikuwa imegusa jicho la kulia, na kifua hakikunyanyuka pumzi tano za mwanzo," badala ya "huna umakini." Chagua jambo moja la kurekebisha. Mwache arudie palepale, hata kama ni kwenye mdoli pembeni ya leba. Mrejesho usio na nafasi ya kurudia ni lawama iliyovaa suti.

Kama kuna hatari kwa mgonjwa, msimamishe mara moja kwa utulivu: "Subiri, niachie hapo." Maelezo yatakuja baadaye, mkiwa wawili.

Kwa tafakuri ya maandishi, vyuo vingi hutumia mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988: tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango. Ni mzuri kwa tukio zito, kama mtoto aliyefariki mwanafunzi akiwepo. Kwa kila siku ni mrefu mno, na wanafunzi hugeuka watunzi wa hadithi: kila mmoja alihuzunika, kila mmoja alijifunza. Waulize maswali matatu tu. Nini kilitokea? Kwa nini kilitokea hivyo? Kesho utafanya nini tofauti? Nusu ukurasa. Na usitoe alama kwa hisia.

Mtoto akifariki, acha ratiba. Kaa na wanafunzi waliokuwepo siku hiyohiyo kabla hawajarudi hosteli. Wasikilize kwanza, maswali ya kitaalamu yanaweza kusubiri hadi kesho yake.

Hatua ya 8: Pima kile ulichokifundisha

Mtihani wa vituo ulianzishwa na Ronald Harden huko Dundee, Scotland, mwaka 1975, ili mwanafunzi wa udaktari asipimwe kwa bahati ya mtahini na mgonjwa aliyempata. Wanafunzi huzunguka vituo, kila kimoja dakika zilezile, kazi ileile, orodha hakiki ileile. Uuguzi umeuchukua na unatufaa.

Ila kuna mtego kwenye orodha hakiki. Mwanafunzi ananawa mikono, anamsalimia mama, anaandaa vifaa, anavaa glavu, anamkausha mtoto, anaandika kwenye faili, anapata alama 16 kati ya 20. Kifua cha mdoli hakikunyanyuka hata mara moja. Kwa hesabu amefaulu. Kwa kweli mtoto amefariki. Weka vipengele vya lazima, ambavyo mwanafunzi akivikosa kituo kizima kimeanguka: kuanza kupuliza ndani ya dakika moja, na kifua kunyanyuka. Wanafunzi wajue hivyo tangu siku ya kwanza, si siku ya mtihani. Watahini nao wakae pamoja kabla, wamtazame mtu mmoja akifanya, kila mtu atoe alama peke yake, kisha mlinganishe. Mtagombana kidogo. Ni afadhali mgombane kabla.

Aliyeshindwa aambiwe kipengele gani, apewe mdoli na mwenza wa mazoezi, arudi baada ya siku chache.

Hatua ya 9: Dakika tano kila wiki

Stadi isiyotumika mara kwa mara huoza, na uhuishaji wa mtoto ni wa aina hiyo: wengi huzaliwa wakilia, hivyo mwanafunzi anaweza kumaliza mzunguko wa leba bila kushika ambu. Semina nyingine ya siku mbili haitalitibu hilo. Acha mdoli leba, juu ya rafu isiyofungwa, karibu na ambu ya kweli. Panga na sista kiongozi siku na saa, kwa mfano kila Jumanne baada ya kukabidhiana zamu. Wawili wanafanya, mmoja anashika saa, watumishi na wanafunzi pamoja, hakuna alama. Daftari dogo linaandika tarehe na kilichokwama: barakoa saizi kubwa tu imebaki, begi lina ufa, taa ya kupasha joto haiwaki.

Daftari hilo ulisome kila mwisho wa mwezi kabla ya kupanga somo lijalo. Kama kinachojirudia ni ufa wa begi, peleka kwa matroni. Kama ni kichwa kukunjwa sana nyuma, rudi hatua ya 5 na darasa linalofuata.